Kuni za Daraja la Kwanza Zaenda Mikumi

Ndugu zangu wa bandani,

Tangu nilipofika nyumbani mnaniuliza swali moja tu: mteja tumepata au hatukupata? Mama Sikujua aliniuliza hata kabla hajanipa maji ya kunywa. Hamisi aliniuliza akiwa juu ya paa. Mwenyekiti Mloka hakuniuliza. Alinitazama usoni, akaitikia kwa kichwa na kusema, "Najua. Mninga." Nikawaambia nyote kwamba nitaandika, mkanuna. Nuneni. Nikisimulia kwa mdomo Mwenyekiti atanikatiza kwenye sentensi ya pili, na nikianza na mwisho hakuna atakayenisikiliza nikirudi mwanzo, wakati mwanzo ndio ulionitoa jasho.

Tena Mama Sikujua amesema akishaisoma barua hii atamtumia dada yake aliyeko Tanga, kwa hiyo itabidi nieleze na yale mnayoyajua. Dada wa Tanga, sisi ni mafundi wa kilichokuwa kiwanda cha mbao cha umma hapa Kimamba. Serikali ilipotambua kwamba biashara si kazi yake, kiwanda kiliuzwa na sisi tukapewa barua za shukrani. Mnunuzi alipakia misumeno akaipeleka Dar es Salaam. Akatuachia banda moja, kilima cha pumba za mbao, na maneno haya: "Soko sasa ni huria. Mkipata mteja mmoja wa kudumu, kaeni. Msipopata, nalibomoa banda najenga gesti." Jumamosi hii anakuja kuchukua jibu.

Pumba tulikuwa nazo, mashine hatukuwa nayo, mpaka Hamisi alipogundua kwamba ile mashine ya kusindika chakula cha kuku iliyokuwa inaota kutu kwenye ghala la jirani inaweza kusindika chochote kinachopita matunduni. Tukatia pumba za mbao, zikatoka punje ngumu, fupi kama kiungo cha kidole, zinazowaka vizuri kwenye jiko la debe. Kuni bila shoka. Tukapata habari kwamba hoteli moja mpya ya Mikumi inahangaika na kuni kwa sababu ya kuwa jirani na hifadhi. Nikachaguliwa kwenda, maana nguo zangu ndizo zilizokuwa hazina viraka.

Sasa dada wa Tanga nisikilize vizuri, hapa ndipo tulipokosea. Sisi ni watu wa mbao, na kwa mtu wa mbao ubora wa mti ni kitanda. Mti unaotoa kitanda cha bwana harusi ni mti bora. Kwa hiyo tulikaa kikao, tukapanga kuni zetu madaraja: daraja la kwanza mninga, daraja la pili msaji, daraja la tatu mkaratusi, ambao kila mtu anajua ni mti wa nguzo za simu na choo cha shimo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewasha kiberiti kuzilinganisha. Mimi mwenyewe niliunyoosha mkono wangu juu nikaunga hoja.

Mwenyekiti, ambaye kiwandani alikuwa idara ya kung'arisha, akaona punje za mninga hazivutii macho. Akachukua kopo, akanyunyizia maji pumba zote za mninga kabla hazijaingia mashineni, na punje zikatoka nyekundu, zinang'aa. Tulipiga makofi. Naomba myakumbuke makofi hayo.

Mwishoni Hamisi alipitisha mashineni mbegu na magome mabichi ya mwarobaini, ili mafuta ya zile mbegu yalainishe matundu. Zikatoka punje nyeusi zenye harufu ya dawa. Hizo hazikupewa daraja. Nilipewa gunia lake nichemshie chai njiani, nisije nikagusa sampuli.

Kimamba hadi Kilosa: kuku wawili wenye msimamo

Kimamba hadi Kilosa mtu mwenye baiskeli nzima huenda na kurudi bila kumwambia mkewe. Lakini magunia manne hayapandi baiskeli, kwa hiyo treni. Ratiba ilisema jioni. Nilipomwuliza mkuu wa stesheni, alisema ile ratiba ni ya enzi za kupangiwa kila kitu, siku hizi hata treni inajiamulia. Alisema kwa uso mkavu kabisa. Nikakaa juu ya gunia la msaji, nikala mihogo ya kukaanga na chumvi ya pilipili, nikapata usingizi hapo hapo. Treni ilifika asubuhi watu wakipiga mswaki.

Mtakumbuka kwamba tulitumia magunia ya zamani ya chakula cha kuku, yenye picha ya jogoo mwekundu. Mama Sikujua ndiye aliyesema picha haina neno, itawafurahisha wateja. Nilikaa karibu na mama mmoja aliyekuwa anakwenda Dodoma na kuku wake wawili kwenye tenga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Hicho ni cha kutagia au cha kunenepesha?"

"Si chakula, mwanangu. Ni kuni."

Alinitazama, akatazama jogoo kwenye gunia, akanitazama tena kwa huruma. "Kuni," akasema polepole.

"Kuni kabisa. Gunia ndilo lenye kuku."

Akageukia tenga lake, nami nikasinzia, maana usingizi wa juu ya gunia haumtoshi mtu. Nilipozinduka gunia la mninga lilikuwa limefunguliwa mdomo, na kuku wawili wamesimama sakafuni mbele ya rundo la daraja la kwanza. Walidonoa, wakatema. Wakachakura. Mmoja akalipa kisogo rundo lile akajisaidia.

"Chakula kimeoza hiki!" yule mama akapaza sauti. "Kuku wangu hawajawahi kukataa kitu."

Behewa zima likageuka. Kijana mmoja aliyevaa koti la mtumba la kike, sidhani kama alikuwa na habari, akasimama kutoa hotuba. "Mnaona? Tangu biashara iachiwe watu binafsi, hata pumba wanachanganya na mbao! Mzee mzima, huoni aibu?"

"Sikuchanganya na mbao," nikasema. "Ni mbao tupu."

Sikuwahi kusema ukweli uliopokewa vibaya namna ile. Kelele zikazidi, mwingine akasema nishushwe kabla ya Kilosa, na mwishowe nikaomba radhi kwa kuuza chakula kibaya cha kuku, kitu ambacho sikuwa nacho na sikuwa nimekiuza. Waliridhika. Tulipofika Kilosa vijana walinisaidia kushusha mizigo bila kuombwa, yaani waliyatupa magunia kupitia mlangoni, na la mninga lilitangulia kwa kishindo.

Kilosa: jiko la Mama Mchungaji

Mwenyekiti alikuwa ameniagiza nifikie kwa shangazi yake, mke wa mchungaji, ili punje zijaribiwe na mpishi anayeheshimika kabla hatujaaibika Mikumi. Nilimkuta uani akiwa na wanawake wa kanisa, kesho yake kulikuwa na kipaimara na wageni ni wengi. Nikaamkia, nikapewa kiti, nikapewa ugali na mlenda na samaki wa mto Mkondoa, na hakuna aliyeniuliza shida yangu mpaka nilipoosha mikono. Hao ndio watu.

Nilipomweleza, alifurahi. "Mloka ameanzisha kiwanda? Yule aliyeshindwa kufuga bata? Haya, lete tuone. Anza na hizo nzuri."

Nikafungua gunia la mninga kwa maringo, nikaingiza mkono. Jamani. Mkono ulitoka na unga. Daraja la kwanza lote, kwa yale maji ya Mwenyekiti na lile teke la treni, lilikuwa limeshavunjikavunjika likarudi kuwa pumba za mbao. Nilichimba mpaka chini nikitafuta punje hata za kuonyesha, nikapata chache zenye unyevu, na hizo nazo zilipotiwa jikoni zilitoa mvuke badala ya moto. Mama Mchungaji aliinama akanusa.

"Zinanukia," akasema, ili asiniumize.

Nikahamia msaji. Msaji uliwaka, siwezi kuusingizia, sufuria ya maharage ikaanza kutokota. Kisha moto ukawa unapungua bila sababu. Hamna aliyejua kwa nini, mpaka mmoja wa wale wanawake, Dorkasi, alipotia kijiti akatoa kidonge cha majivu yaliyoyeyuka na kugandamana, kigumu kama kipande cha chupa. Vidonge kama hicho vilikuwa vimeziba matundu ya jiko yote. Msaji huo huo unaokaa mvuani bila kuoza, kumbe umebeba kitu ndani kisichotaka kuwa jivu la kawaida.

"Jiko limepata mawe ya figo," Dorkasi akasema, na uani wote ukaangua kicheko.

Basi nikafungua mkaratusi, bila maringo yoyote. Nikautia, nikawasha, nikakaa pembeni nikisubiri kuchekwa. Uliwaka. Moto wa samawati, mtulivu, hauruki cheche, sufuria haikushika masizi, na jivu lake mwishoni lilijaa kiganja tu. Wali wa watu wengi uliiva juu yake bila mtu kuinama kupuliza. Wanawake walikuja mmoja mmoja kuangalia chini ya sufuria. Nami nilikaa pale nimefurahi kwa ajili ya banda na nimeudhika kwa ajili ya mninga, yote mawili kwa wakati mmoja. Nimepiga randa mninga toka ujana wangu, nimetengeneza kitanda changu mwenyewe kwa mninga, na mti wa nguzo za simu umeupita mbele ya wanawake wa kanisa.

Nikaona nisikae kizembe. "Mama," nikasema, "mngekuwa mnanunua hizi kila mwezi, mtaa mzima ungepona moshi."

Alishangaa kweli. "Kununua? Kununua kuni?" Akanionyesha ukuta wa nyuma. Kuni zilikuwa zimepangwa mpaka usawa wa dirisha. "Kila Jumapili Wakristo wananiletea. Mwenye mwana wa kipaimara analeta mzigo, mwenye ndoa analeta mzigo, aliyegombana na mchungaji analeta mizigo miwili. Nikianza kununua nitawaambia nini? Kwamba kuni zao sizitaki?"

Alinifariji kwa kuomba lile gunia la mninga akatandike kwenye banda la kuku wake, maana pumba laini namna ile hazipatikani. Nikampa. Kwa hiyo, Mwenyekiti, daraja la kwanza mwishowe limefika kwa kuku, na wale wa Kilosa hawakulalamika.

Kilosa hadi Ulaya: juu ya mkaa

Gari pekee lililokuwa linakwenda Mikumi siku ile lilikuwa lori la mkaa. Dereva wake aliitwa Sudi, mtu mnene mwenye kofia ya sufu wakati wa joto. Nilimweleza nilichobeba nikiwa tayari juu, nimekaa kwenye magunia ya mkaa.

"Kwa hiyo wewe unakwenda Mikumi kuniua," akasema.

"Kukuua vipi?"

"Mkaa huu unakwenda Mikumi. Kuni zako zinakwenda Mikumi. Zikinunuliwa zako, mimi nitabeba nini? Viazi?" Akacheka, akawasha gari. "Panda mbele bwana. Adui yangu nimwone karibu."

Kwa huyo Sudi sina malalamiko. Alininunulia ndizi za kuchoma, akanieleza ndoa zake zote. Lakini mvua ilikuwa imenyesha kule mbele, na tulipofika Ulaya lori likazama matopeni magurudumu ya nyuma yote mawili. Ulaya, dada wa Tanga, ni kijiji kilichopo njiani hapo. Watu wengine huuza shamba ili wafike Ulaya, mimi nilifikishwa na matope.

Sudi alikata matawi, akaweka mawe, gurudumu likazunguka tu. Akageuka kunitazama. Akatazama magunia yangu.

"Hapana," nikasema.

"Vitu vigumu vile vinashika tairi. Gunia moja tu."

Nililifikiria banda letu, nikafikiria kulala pale, nikampa msaji. Daraja la pili likamwagwa chini ya magurudumu. Likanywa maji, likavimba mbele ya macho yetu, likawa uji wa mbao, na gurudumu likazama zaidi. Sudi alivua kofia yake kwa mara ya kwanza. "Kuni hizi zinafaa kuziba mito," akasema, akaondoka kwa miguu kutafuta trekta.

Ulaya: chai isiyokwisha

Mbali kidogo na barabara kulikuwa na boma la wafugaji. Nilikwenda kuomba mahali pa kuweka magunia yangu mawili yaliyobaki yasilowe. Alinipokea bibi mmoja, Naserian, mwenye shanga mpaka mabegani na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio mbali. Nikampa shikamoo yake, akaipokea, akanipa maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu. Yalikuwa na harufu nzuri ya moshi. Mnajua mimi sipendi maziwa. Nilimaliza.

Alitaka kujua nimebeba nini, nikaona hapa huenda pana mteja. Nikamwonyesha mkaratusi unavyowaka. Aliangalia moto kwa makini, akachukua punje moja yenye moto kwa koleo la mti, akaitumbukiza ndani ya kibuyu kitupu, akatikisa. Kisha akaimwaga akanitazama.

"Fupi," akasema. "Mimi nasafisha kibuyu na kijiti kirefu, chenye moto mwisho. Nasugua ndani mpaka maziwa yapate harufu. Hii nasugua na nini? Vidole vyangu?"

"Ni ya kupikia, mama, si ya vibuyu."

"Kuni isiyofika ndani ya kibuyu ni nusu ya kuni," akasema, na mkaratusi uliowaridhisha wanawake wa Kilosa ukaanguka mtihani pale pale.

Nikaona ninywe chai yangu tu. Nikajaza jiko langu dogo la debe punje za mwarobaini. Zilikuwa bado na ubichi, na mafuta ya zile mbegu, haziwaki wala hazizimiki. Zilitoa moshi mzito mweupe, mchungu, unaotambaa chini. Nilikuwa nakohoa na kulaani mashine na Hamisi na mbegu zake, nikaona ndama mmoja amesimama karibu yangu. Kisha wa pili. Baada ya muda nimezungukwa na ndama, wametia vichwa vyao kwenye moshi wangu, wametulia.

Naserian alikuja mbio. Nilidhani nimekosea nikaanza kuzima.

"Usizime!" akasema kwa ukali. Akawa anapitisha mkono mgongoni mwa ndama, mbele na nyuma. "Inzi wamekimbia. Na mbung'o wamekimbia. Sisi tunachoma kinyesi cha ng'ombe, lakini sasa mvua, chote kimelowa. Endelea kupika chai."

"Chai imeshaiva, mama."

"Pika nyingine."

Nilipika chai jioni ile mpaka majani yangu yakaisha, nikawa nachemsha maji matupu. Mimi, fundi niliyetumwa kuuza kuni bora kwa hoteli, nimekaa katikati ya ndama nikitengeneza moshi kwa amri ya bibi mmoja. Asubuhi trekta lilipokuja nilimwachia nusu ya zilizobaki, naye akanijazia chupa maziwa. Nguo zangu, nywele zangu, hata mkate niliokuwa nao mfukoni, vyote vilinuka mwarobaini. Sudi alifungua vioo vyote vya lori.

Mikumi: Mkurugenzi na mbung'o

Hoteli yenyewe ni nzuri, mapaa ya makuti na baraza pana linalotazama mbuga. Mwenyewe mtamkumbuka mkisikia jina: Kilatu. Ndiyo, yule yule aliyekuwa akija kiwandani kutuhutubia habari za unyonyaji, na sisi tukisimama juani. Alikuwa na kaunda suti wakati ule. Sasa ana fulana yenye picha ya tembo na saa inayometa.

"Ndugu Kilatu!" nikasema kwa furaha.

"Siku hizi ni Mkurugenzi," akanisahihisha, kwa upole tu, kama anayemfunga mtoto kifungo.

Aliniruhusu nimwonyeshe mkaratusi jikoni. Mpishi wake, Salehe, alikaangia juu yake chipsi mayai nzima, akapika mchuzi, akachemsha maji ya kuogea wageni, na jiko halikuhitaji kitu. Salehe alifurahi kiasi cha kuniita kaka. "Mkurugenzi, hizi tuchukue! Macho yangu yatapumzika."

Mkurugenzi alisimama mlangoni akiwa amefunga mikono. "Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Lakini mkaa unaletwa na lori la shemeji yangu."

Sudi, aliyekuwa nyuma yangu akinywa soda, akatazama juu kwenye makuti.

"Na ule moto wa jioni, wa wageni?" nikajaribu. "Wa kuota barazani?"

"Pale wageni wanataka kuona gogo. Wamelipa kuona Afrika. Nikiwawashia punje wataona nini? Watadhani nimewasha jiko la mafuta." Akaniwekea mkono begani, akauondoa haraka, akanusa vidole vyake. "Nakushauri kama zamani, jitegemeeni."

Sitaficha. Nilitoka nikaketi kwenye ngazi ya baraza. Niliona gesti imesimama pale lilipo banda, na Hamisi akiwa mlinzi wake. Nilikuwa sina mninga, sina msaji, mkaratusi umeshinda na umekataliwa siku moja. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Mama Sikujua.

Wakati huo wageni walikuwa wanarudi kutoka mbugani, Wazungu watano sita, wekundu, na mbung'o wamewafuata mpaka barazani. Kila mtu alikuwa anajipiga. Wanajipiga shingoni, mapajani, wanapigana wao kwa wao. Wahudumu wanajipiga na trei mkononi. Mkurugenzi anajipiga huku anatabasamu kuwakaribisha. Mama mmoja wa Kizungu akaacha kujipiga akaninyooshea kidole, akasema maneno mengi.

Salehe akatafsiri. "Anauliza kwa nini huyu mzee haumwi."

Wote wakanigeukia. Nami ndipo nikatambua kwamba tangu niketi pale mikono yangu ilikuwa imetulia magotini. Yule mama akaja akasimama karibu yangu. Mwenzake akaja. Haukupita muda nikawa nimezungukwa tena, safari hii si na ndama, ila utulivu wao ulikuwa ule ule.

Mkurugenzi aliwapita akaja akaninusa begani bila aibu yoyote. "Unanuka nini?"

"Mwarobaini. Samahani, zilikuwa za chai yangu."

"Ziko wapi?"

Nikaleta gunia na punje zilizobaki. Nikawasha kidogo kwenye kopo, moshi ule mchungu ukatambaa barazani, na kelele za kujipiga zikapungua, zikaisha. Mama yule akavuta pumzi ndefu akasema kitu.

"Anasema inanukia Afrika," Salehe akasema.

Mkurugenzi alinivuta pembeni. Alitaka za kuchomwa barazani kila siku, na nyingine za makopo ya kuning'iniza nyuma ya magari ya kwenda mbugani. Kila mwezi, mwaka mzima. Na mimi, ndugu zangu, kwa sababu nina ujinga wangu wa fundi, nikaanza kubisha.

"Mkurugenzi, hizi ni mbovu. Haziwaki."

"Ndiyo maana nazitaka."

"Tunaweza kuzikausha vizuri, ziwe na moto safi..."

"Zikiwaka vizuri sinunui! Moshi, mzee. Hivi hamwezi kuziharibu zaidi ya hapa?"

Nilisema nitauliza wenzangu. Kisha nikakubali kabla hajabadili nia. Makubaliano yameandikwa, karatasi ninayo, mnunuzi wetu ataonyeshwa Jumamosi.

Kurudi

Nilirudi na Sudi. Njia nzima alikuwa mchangamfu, maana mkaa wake umepona. Tulisimama Ulaya kumsalimu Naserian. Nilipomwambia kwamba Wazungu nao wanakaa kwenye moshi ule, hakushangaa hata kidogo. "Nao wana ngozi," akasema.

Basi mmepata jibu. Banda ni letu. Gesti hatujengewi. Salehe ameomba mkaratusi wa jikoni kwake, ataulipia mwenyewe, na kwa Salehe mmoja huyo nimepata usingizi, maana kuna mtu duniani anayejua kwamba tunaweza kutengeneza kuni nzuri. Lakini mkate wetu, dada wa Tanga, utatokana na kuni mbaya, na lazima ziwe mbaya sawasawa kila mwezi, zisianze kuwaka kwa bahati mbaya.

Tunaanza Jumatatu. Mama Sikujua atakusanya mbegu, Hamisi atakaa mashineni, mimi nitapima moshi kwa macho yangu haya. Na Mwenyekiti, wewe usijisikie vibaya kuhusu mninga. Chukua lile kopo lako. Kazi ya kunyunyizia maji ni yako, na kwa kazi hiyo hakuna bandani atakayekuzidi.